Nilivyoukagua mfumo wa malipo ukiwa kazini kwa mantiki ya wakati

Natunza mfumo unaopokea oda za dukani, unakata pesa kwenye simu ya mteja, kisha unamtaarifu muuzaji. Majaribio yote yalikuwa yanapita, lakini malalamiko hayakwisha: pesa imekatwa, duka halijaona kitu. Hatua moja moja zilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa kwenye mfuatano wake. Na mfuatano ndiyo kazi ya mantiki ya wakati, yaani mantiki yenye maneno kama "daima", "tangu" na "hatimaye", ambayo mwanasayansi wa kompyuta Amir Pnueli aliileta kwenye programu za kompyuta mwaka 1977.

Kuthibitisha mfumo mzima kabla haujawashwa kungenishinda, maana hali unazoweza kupitia hazihesabiki. Nikaandika mkaguzi, programu ndogo inayosoma matukio kadiri yanavyotokea na kuyapima kwa sheria.

Sheria ya kwanza: daima, pesa ikikatwa, iwe oda hiyo ilishapata idhini na haijawahi kukatwa tangu idhini hiyo. Sheria inayotazama nyuma namna hii ni nyepesi sana kwa mashine. Huhitaji kutunza historia. Kwa kila oda mkaguzi anashika majibu mawili tu ya ndiyo au hapana: idhini imeshatoka? Pesa imeshakatwa? Tukio la kukata likifika, jibu la kwanza likiwa hapana au la pili likiwa ndiyo, sheria imevunjwa papo hapo.

Ya pili ndiyo iliyonifunza zaidi: pesa ikikatwa, hatimaye muuzaji ataarifiwe au mteja arudishiwe. Kwenye karatasi imenyooka. Ila mfumo ukiwa kazini, hakuna siku utakayoweza kusema imevunjwa, kwa sababu pesa iliyokwama leo inaweza kurudi kesho. Mkaguzi mkweli atajibu "bado" siku zote. Kwa hiyo neno "hatimaye" nikalipa mpaka: ndani ya sekunde 90.

Mpaka huo ukaleta mambo mawili. Kwanza, oda ikikwama hakuna tukio jingine linalokuja kumwamsha mkaguzi, kwa hiyo kila sekunde nampelekea tukio tupu la saa. Pili, saa za seva mbili hazilingani sawasawa, na foleni inayompelekea mkaguzi matukio huweza kuleta idhini baada ya makato yake. Mpangilio nikauchukua kwenye namba ambazo hifadhidata inazipa rekodi kwa zamu, si kwenye saa; saa nikaiachia kazi ya kuhesabu zile 90 tu.

Mkaguzi akaikamata kasoro yenyewe. Oda zote zilizovunja sheria ya pili zilikuwa zimekatwa sekunde chache kabla huduma haijazimwa na kuwashwa upya. Hali yake ilibaki "inasubiri", wakati programu ya kurudisha pesa ilikuwa ikitafuta zenye hali "imeshindwa" peke yake. Rekebisho lilikuwa mstari mmoja: itafute na zinazosubiri kupita muda.

Sheria ya kwanza sasa nimeiweka ndani ya njia ya malipo yenyewe, izuie makato kabla hayajatokea, kwa sababu pesa ya mtu ikikatwa mara mbili anaumia siku hiyo hiyo. Ya pili inakaa pembeni, inasoma foleni bila kumchelewesha mteja yeyote. Sheria ninayoandika sasa inahusu marejesho: oda iliyorudishiwa pesa isije ikamfikia muuzaji kama imelipwa.