Jefferson ametulia tarehe 13 Aprili: kumbukumbu ya mradi wangu wa mapacha wa tarehe

Imekubali! Jana usiku nimeendesha skripti nzima (programu yangu ndogo ya kompyuta) tangu mwanzo, nikafungua kisanduku cha 13 Aprili, nikawakuta wote wamo: Thomas Jefferson (rais wa tatu wa Marekani), Samuel Beckett, Mwalimu Nyerere, Seamus Heaney na Garry Kasparov. Jefferson yumo mara moja tu. Hayupo 2 Aprili, wala hayupo 24 Aprili. Wanaoufuatilia mradi huu wanajua jinsi mzee huyu alivyonitoa jasho.

Kwa aliyeingia leo: natengeneza kalenda ya ukutani. Kila tarehe iwe na mtu mmoja wa Afrika Mashariki, na pembeni yake wale waliozaliwa tarehe hiyohiyo, popote duniani na karne yoyote. Nawaita mapacha wa tarehe. Nilianza na marais wa Tanzania, na kwa kweli walinipa moyo. Mzee Mwinyi, 8 Mei 1925, yuko na Harry Truman na Henri Dunant, mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu, na ndiyo maana siku hiyo ni Siku ya Msalaba Mwekundu Duniani. David Attenborough naye alizaliwa mwaka mmoja kamili baada ya Mwinyi. Mkapa, 12 Novemba 1938, yuko na Rodin na Sun Yat-sen. Magufuli yuko na Ellen Johnson Sirleaf, 29 Oktoba. Rais Samia yuko na Mozart, 27 Januari. Ila kisanduku ninachokipenda kuliko vyote ni cha Kikwete, 7 Oktoba: Niels Bohr, Desmond Tutu na Vladimir Putin. Hebu fikiria kuwaandalia hao wanne meza moja.

Sasa turudi kwa Jefferson.

Alizaliwa Virginia, koloni la Waingereza, tarehe 2 Aprili 1743 kwa kalenda ya Juliasi iliyotumika huko wakati ule. Mwaka 1752 Uingereza na makoloni yake wakahamia kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia leo: watu walilala Jumatano tarehe 2 Septemba, wakaamka Alhamisi tarehe 14. Siku ya kuzaliwa ya kijana Jefferson ikasogea siku 11 mbele, ikawa 13 Aprili, na ndiyo Wamarekani wanayoiadhimisha mpaka leo. Lakini jiwe la kaburi lake kule Monticello, shambani kwake, limeandikwa 2 Aprili 1743, na pembeni herufi mbili za kuonyesha kwamba ni hesabu ya zamani.

Hadi hapo hakuna tabu. Tabu ni kwamba vyanzo vya data havikuambii vimekwisha kugeuza tarehe au la. Chanzo kimoja kinaleta 2 Aprili, skripti inaongeza 11, inapata 13, safi. Chanzo kingine kinaleta 13 Aprili iliyokwisha kugeuzwa. Skripti inaona mwaka 1743, inaona koloni la Kiingereza, inaongeza 11 tena, na Jefferson anazaliwa 24 Aprili. Ukizima ugeuzaji, una Jefferson wawili. Ukiuwasha, una wawili bado, ila wengine.

Mtu atasema: weka kanuni kwa kila chanzo. Nani kasema chanzo kinajikubali chenyewe? Ndani ya orodha moja unamkuta George Washington kwa tarehe mpya, 22 Februari 1732, na mistari michache chini yake Isaac Newton kwa tarehe ya zamani, 25 Desemba 1642. Orodha ileile! Walioijaza walifuata mazoea ya kila nchi na kila fani, na kompyuta haijui mazoea.

Washington ana kituko chake cha ziada. Kwa hesabu ya zamani alizaliwa 11 Februari 1731, kwa sababu mwaka wa Kiingereza wakati huo ulianza 25 Machi. Yaani Februari ilikuwa bado mwaka uliopita. Skripti ikilinganisha tarehe kamili inaona pengo la mwaka mzima na siku 11 juu yake, inaamua hawa ni watu wawili tofauti, mtu na mdogo wake labda.

Kilichofanya kazi mwishoni ni kuacha kuongeza. Skripti sasa haigeuzi tarehe ya mtu yeyote. Inakusanya tarehe zote zilizoandikwa kwa jina moja, inautupa mwaka pembeni, inabaki na siku na mwezi, kisha inauliza swali moja: je, pengo kati ya tarehe hizi ni sawasawa na pengo la kalenda kwa karne hiyo? Siku 10 tangu 1582 mpaka 1700, 11 kwa miaka ya 1700, 12 kwa miaka ya 1800, na 13 tangu 1900. Likiwa sawasawa, basi ni mtu mmoja kwa kalenda mbili, na tarehe ya mbele ndiyo ya Gregori. Lisipokuwa sawasawa, anaingia kwenye faili la wa kukagua kwa macho. Newton bado alinisumbua kidogo, maana 25 Desemba na siku 10 ni 4 Januari, na ukishautupa mwaka programu inaona pengo la siku mia tatu na zaidi kurudi nyuma. Nikaamua mwaka uzunguke, Desemba ishikane na Januari. Baada ya hapo Newton katulia, Washington katulia, na Lenin mwenye 10 na 22 Aprili 1870 kaingia mwenyewe bila hata kuguswa.

Maneno mawili kuhusu vifaa, kwa sababu kila mara naulizwa kwa nini nisitumie Excel tu. Excel inahesabu siku kuanzia 1 Januari 1900. Ukiandika tarehe ya 1743 inabaki maandishi matupu, huwezi kuitoa wala kuijumlisha. Halafu ndani yake kuna 29 Februari 1900, siku ambayo haijawahi kuwapo, iliyorithiwa kwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoitangulia, ili majedwali ya zamani yasivurugike. Kwa mahesabu ya duka inatosha kabisa. Kwa kazi hii, hapana. Python, lugha ya kuandikia programu, ni bora zaidi, lakini moduli yake ya tarehe nayo inairudisha kalenda ya Gregori nyuma mpaka mwaka wa 1 kana kwamba Papa Gregori XIII alitawala tangu enzi za mitume. Iulize kuhusu 10 Oktoba 1582 itakujibu bila wasiwasi, wakati kule Roma tarehe 4 ilifuatwa na tarehe 15. Mimi kila mtu nampa namba ya siku ya Juliasi, ule utaratibu wa kuhesabu siku moja moja tangu 1 Januari 4713 kabla ya Kristo, mwanzo uliowekwa na Joseph Scaliger mwaka 1583, na usiichanganye na kalenda ya Juliasi. Namba haina mwezi, haina papa, haina mfalme. Mwalimu ni 2423158. Basi.

Baada ya kujua tarehe zote mbili, unaandika ipi ukutani? Hapa nimejitungia kanuni, na nitaitetea: tarehe ni ile ambayo mwenyewe aliimalizia nayo maisha. Aliyeishi kuvuka mabadiliko anahama nayo. Aliyekufa kabla anabaki alipo. Jefferson na Washington wanahama. Newton alikufa 1727, hakuiona 1752, anabaki na Krismasi yake, na hivyo ni pacha wa Muhammad Ali Jinnah na Anwar Sadat. Robert Hooke, hasimu wake mkubwa, naye alikufa mapema, anabaki na 18 Julai 1635, na bahati iliyoje: ni tarehe ya Nelson Mandela. William Harvey, daktari aliyeeleza mzunguko wa damu, anabaki 1 Aprili pamoja na Wangari Maathai. Rachmaninoff, mtunzi wa muziki aliyezaliwa 20 Machi 1873 kwa hesabu ya Kirusi, alikuwa hai Urusi ilipobadilisha mwaka 1918, kwa hiyo anahamia 1 Aprili na kukaa na Mama Wangari vilevile. Harvey kwa kalenda ya zamani, Rachmaninoff kwa mpya, kisanduku kimoja. Najua kuna watakaonuna.

Mimi mwenyewe kanuni hii inaninunisha mahali pamoja: Pushkin. Alizaliwa 26 Mei 1799 kwa hesabu ya zamani, akafa 1837, kwa hiyo kwangu anabaki 26 Mei na anakuwa pacha wa Miles Davis. Ila Warusi wote wanaadhimisha 6 Juni, na Umoja wa Mataifa umeifanya 6 Juni kuwa Siku ya Lugha ya Kirusi. Mimi ni nani wa kubishana na taifa zima kuhusu mshairi wao? Lakini nikimruhusu Pushkin, kesho Newton atadai naye. Nimemwacha 26 Mei. Thomas Mann na Sukarno wamebaki na 6 Juni yao.

Kazi iliyofuata kwenye mpango ilikuwa 1 Januari. Kisanduku hicho kimefurika, maana data nyingi huria mtu akijulikana mwaka tu zinamwonyesha kama kazaliwa 1 Januari, na huku kwetu wengi waliandikishwa tarehe hiyo kwa sababu hakuna aliyeiandika ile ya kweli. Nilitaka kuwachambua mmoja mmoja. Nikaanza na Shaaban Robert, 1 Januari 1909, na hapo ndipo mpango ulipopotea.

Kwa sababu nilikuwa tayari na namba za siku, nikagawa yake kwa 7. Ni 2418308, inabaki 4. Ikibaki sifuri ni Jumatatu, kwa hiyo 4 ni Ijumaa. Alizaliwa Ijumaa! Kwa desturi ya pwani huyo angeweza kabisa kuitwa Juma. Nikajiuliza, je, mwezi ulikuwa Shaabani angalau? Nikapiga hesabu ya mwandamo: Muharamu ya mwaka 1327 wa Hijria iliingia karibu na 23 Januari 1909, kwa hiyo 1 Januari ilikuwa mwezi wa Mfunguo Tatu, tarehe 8 au 9, mahujaji wakijiandaa kwenda Arafa. Ama jina lina sababu nyingine, ama tarehe ina sababu nyingine. Sina haja ya kuamua.

Nikamchukua Mwalimu. 2423158, inabaki 3, Alhamisi. Mwezi? Mwaka 1340, katikati ya Shaabani, tarehe 15 au siku moja kando yake kufuatana na mwezi ulivyoonekana. Yaani wa Butiama, aliyepewa jina Kambarage la mzimu wa mvua, ndiye aliyezaliwa Shaabani, wakati Shaaban mwenyewe alizaliwa Mfunguo Tatu. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni.

Sasa kalenda ya ukutani nimeiweka pembeni. Nataka mapacha wa tarehe, wa siku ya juma na wa mfunguo kwa pamoja. Kwa tarehe na siku ya juma nilidhani nimeshapata jozi kamili: Karume na Obama. Karume 4 Agosti 1905, Obama 4 Agosti 1961. Miaka 56 kati yao ni mara mbili ya 28, ndio mzunguko ambao kalenda inajirudia siku kwa siku, kwa hiyo wote wawili ni Ijumaa. Louis Armstrong yumo pia kwenye kisanduku hicho, 1901, kwa mujibu wa kitabu cha ubatizo cha New Orleans, ingawa maisha yake yote alisema 4 Julai 1900. Yeye ni Jumapili, hahesabiki.

Halafu nikakumbuka kwamba kwa hesabu yetu siku inaanza magharibi, si usiku wa manane. Cheti cha Obama kinasema saa 1:24 usiku, Honolulu, na mwezi wa Agosti jua la huko limekwisha kuzama saa hiyo. Huo ni usiku wa Jumamosi. Tena ukifuata saa za Unguja, dakika hiyo ilikuwa tayari saa mbili na ushei asubuhi ya Jumamosi, tarehe 5. Jozi imevunjika mara mbili kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo nahitaji safu mpya mbili kwenye jedwali, saa ya kuzaliwa na mahali, na kwa watu wengi wa karne zilizopita saa hiyo haikuandikwa popote. Naanza na walio na vyeti. Mwenye njia nzuri ya kukokotoa machweo ya jua ya mwaka wowote kwa mji wowote, bila kulipia, anishtue.