Vitufe vitatu vya mwenye gari wa kwanza

Jumamosi, usiku

Vidole vinanuka grisi na shingo imekaza kwa kutazama dari. Yote haya kwa ajili ya kitufe.

Gari hili nililinunua mkononi mwa mtu, miezi minane sasa. Kwenye kile kibao cha kukinga jua, upande wa dereva, kuna vitufe vitatu na taa ndogo mithili ya kichwa cha pini. Nilijua kazi yake: kufungua mlango wa gereji bila rimoti. (Gereji ninayosema hapa si kwa fundi, ni chumba cha kulazia gari.) Lakini rimoti nilikuwa nayo, basi vile vitufe nikavifanya vya kuchezea. Nikingoja mtu maegeshoni, kidole kinakwenda chenyewe: cha kwanza, cha pili, cha tatu, kama mtu na tasbihi yake. Kile cha katikati kilikuwa kinawasha taa. Sikujiuliza kwa nini hicho na si vingine.

Jana rimoti ilidondoka chini ya kiti nikiwa mbele ya mlango, mvua inapiga. Nikainama, nikapapasa, nikapiga honi kwa kiwiko. Nikasema kesho ni kesho.

Asubuhi nikatoa kitabu cha gari. Mtambo wenyewe unaitwa HomeLink, na maelezo yake hayazidi kurasa tatu. Kwanza onyo: usiutumie kwa mlango usioweza kusimama na kurudi nyuma ukigusa kitu, yaani wenye mota iliyotengenezwa kabla ya tarehe 1 Aprili 1982. Mota ya mlango wangu ni ya juzi tu. Ina hata yale macho mawili karibu na sakafu, ya kuzuia mlango usimshukie mtu, ambayo Marekani imeyazoea tangu sheria ya 1993. Nikalitoa gari nje, nikawasha swichi bila injini. Hili la injini halina mjadala: moshi wa gari katika chumba kilichofungwa unaua mtu huku akidhani ana usingizi.

Hatua ya kwanza ni kufuta. Unashikilia vitufe viwili vya pembeni kwa pamoja mpaka taa ianze kupepesa. Nikashikilia, nikahesabu, na nilipofika kumi hivi taa ikapepesa. Hapo ndipo akili ilipofunguka. Kufuta nini? Mimi sijawahi kuweka kitu.

Kile cha katikati kilikuwa na mlango wa mwenye gari wa kwanza. Miezi minane nimekuwa nikitembea na ufunguo wa nyumba ya mtu, na anwani yake imo katika karatasi za mauzo, ndani ya droo ileile ya gari. Angelivunja mwizi, angepata mlango na njia ya kufika mlangoni. Na mimi kila nilipobonyeza kwa kuchoka kungoja, gari lilikuwa linamwita huyo mlango, ila uko mbali hausikii.

Nikaendelea. Rimoti unaiweka sentimita chache kutoka kwenye kitufe, unabonyeza vyote viwili kwa pamoja na kushikilia, taa inapepesa polepole, halafu inaharakisha. Yangu haikuharakisha. Dakika nzima, kidole gumba kimekufa ganzi, inapepesa mwendo wa kobe. Nikabadilisha betri ya rimoti na ikaharakisha mara moja. Betri iliyochoka bado inafungua mlango ulio mbele yako, lakini kumfundisha mwingine hainazo nguvu.

Nikabonyeza kwa furaha. Mlango kimya. Taa ilipepesa haraka sekunde mbili kisha ikatulia, na kitabu kinasema hiyo ndiyo dalili ya mlango wenye msimbo unaobadilika.

Hapa nilikaa nikasoma zaidi ya nilivyohitaji. Milango ya zamani ilikuwa na namba moja ya kudumu, unaipanga kwa swichi ndogondogo ndani ya rimoti. Swichi 12 zinatoa namba 4,096, basi. Mwaka 2015 Samy Kamkar, mtafiti wa usalama, alichukua kifaa cha watoto cha kutumiana ujumbe, akakigeuza kikawa kinajaribu namba hizo zote ndani ya sekunde 10. Mlango wa namba moja kama hiyo unaweza kunakiliwa na gari na mambo yakaisha. Lakini msimbo unaobadilika haurudii neno. Kila ukibonyeza, rimoti inasema neno jipya, na mota inajua ni lipi linalofuata. Ukiibonyeza rimoti bure mfukoni mara kadhaa, mota haikukatai, kwa sababu inasikiliza maneno kadhaa ya mbele pia. Ndiyo maana gari haliwezi kuiga sauti ya rimoti likatosheka. Kutoka kwa rimoti linajifunza lugha tu. Likishajua lugha, lazima liende likajitambulishe lenyewe kwa mota, kwa jina lake.

Kujitambulisha kwenyewe kunafanyika darini. Kwenye mota kuna kitufe cha kufundishia. Changu ni cha zambarau, na rangi ile si urembo: kwa mota za ukoo huu zambarau ni masafa ya redio ya megahezi 315, ile ya chungwa ni 390. Unakibonyeza mara moja, unakiachia, una sekunde 30 za kushuka ngazi, kufika garini na kubonyeza mara mbili au tatu.

Mimi nikakishikilia. Nilitaka kuhakikisha, na mtu aliyezoea kushikilia vitufe asubuhi nzima haachi haraka. Kitaa cha mota kikawaka, kikakaa, kikazima. Nikashuka mbio, nikabonyeza, hakuna kitu. Nikachukua rimoti yangu mwenyewe, ile ya betri mpya. Hakuna kitu. Kumbe ukikishikilia kama sekunde sita kile kitufe, mota inasahau kila mtu.

Honi ikalia nje.

"Baba Zuhura! Mlango umeufanya nini?"

"Umesahau."

"Umesahau nini?"

"Umetusahau sote, mama. Nipe hiyo rimoti yako."

Hakuniuliza tena, alinipa tu, na kimya chake nakijua. Zuhura ndiye aliyeokoa siku. Alikaa kwenye kiti cha dereva, mimi juu ya ngazi, na hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kukimbia. "Sasa!" nikamwambia. Akabonyeza. "Tena!" Balbu ya mota ikafanya *tap*, na mlango ukaanza kunguruma kwenda juu na gari limekaa mbele yake limejitosheleza. Baada ya hapo rimoti ya mama yake, kisha yangu, kila moja na safari yake ya kitufe cha zambarau. Zuhura aliomba abonyeze mara moja zaidi. Nikamwacha abonyeze nne.

Jioni nikampigia yule aliyeniuzia gari. Nilijisikia mjinga kidogo, lakini kumwambia mtu ni wajibu.

"Kaka, vile vitufe vya juu ulivifuta ulipouza?"

Akacheka. "Vitufe gani?" Kisha akanyamaza. "Ee. Mlango bado ni uleule."

"Nimeshafuta leo."

"Leo?"

"Leo asubuhi."

Akashukuru, akauliza habari za gari, taratibu, kama mtu anayefikiria jambo jingine. Halafu akaniuliza: "Na wewe lako la zamani, ulimwachia nini aliyelinunua?"

Nikasema gari langu la zamani halikuwa na vitufe hivyo. Ni kweli, halikuwa navyo. Lakini mota yangu ilikuja na rimoti tatu, na tangu tuliuze lile gari nimekuwa nikimsumbua mama Zuhura kwamba ya tatu kaiweka wapi, nimefungua mpaka kabati la mashuka. Ilikuwa inaning'inia kwenye kibao cha jua cha gari lile. Nimeikumbuka simu ikiwa bado sikioni.

Nimehesabu nilizofundisha leo: gari, rimoti ya mama Zuhura, na yangu. Ile nyingine haimo tena kwenye kumbukumbu ya mota, na sikuikusudia kuitoa. Kesho nitamwomba mama Zuhura radhi kuhusu kabati.