Siku moja na fimbo ya kupimia vyoo, Majengo, Goma

Saa 12 asubuhi. Leo tunapima tope lililomo kwenye vyoo vya shimo. Vifaa kwanza. Fimbo ya chuma ya mita 3, imepakwa alama ya rangi kila sentimita 10. Tochi, futi ya kamba, buti, glavu. Bidoni ya lita 20 yenye gramu 140 za klorini ya unga ya asilimia 70: hapo unapata dawa ya asilimia 0.5 ya kuosha fimbo kila ikitoka shimoni.

Saa 2. Kwa shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa. Bila yeye milango haifunguki.

Saa 3. Parseli (kiwanja) ya kwanza, watu 12, choo cha miaka 6. Mama mwenye nyumba anasema kwa fahari: "Hii choo haijajaa hata siku moja, papa." Goma nzima utalisikia neno hilo, na ndilo la kuogopa kuliko yote.

Fimbo inashuka kwa tundu. Inazama laini, inakuwa nzito, halafu inagonga. Usiandike bado: huenda imegonga nguo au chupa, si mwamba. Jaribu pembe tatu. Kiberiti marufuku, gesi ya choo inawaka. Na hakuna anayeingia shimoni, hata kwa dakika moja.

Shimo ni mita 1.5 kwa 1.2, kina mita 1.8, kwa hiyo linabeba lita 3,240. Kwa choo kikavu tunakadiria lita 60 kwa mtu kwa mwaka: 12 mara 60 mara 6 ni lita 4,320. Lingekuwa limefurika zamani. Fimbo inaonyesha tope la sentimita 70 tu, yaani lita 1,260. Lita 3,000 hivi zimekwenda wapi?

Ama zimepenya nyufa za mawe ya volkano ya Nyiragongo, ama mtu amezitoa. Ukiuliza "mnamwaga wapi?" utajibiwa "hatumwagi". Uliza hivi: "Mama, mara ya mwisho mlimwita nani, na alibebea kwenye nini?" Hapo ndipo mapipa na usiku wa mvua vinapotajwa.

Saa 6. Njia. Pima upana wa kichochoro pale ukuta unapochomoza, si mdomoni mwake. Lori la kunyonya tope lisipofika, bomba refu la mpira haliokoi kila kitu: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hata maji matupu hayanyonyeki kupita mita 8 na kidogo kwenda juu. Tope zito lenye matambara linagoma mapema zaidi. Chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, inapita, lakini pipa lisilo na mfuniko litamwagika kwenye mawe.

Saa 8. Maji. Mwongozo wa Sphere, wa kimataifa wa misaada ya dharura, unataka mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji, ila penye miamba yenye nyufa umbali uongezwe. Hapa ni nyufa kila mahali, na wengi wanachota Ziwa Kivu, huku kipindupindu hakijawahi kuuhama mji huu. Mita 30 za Goma si mita 30 za udongo.

Saa 10. Fomu. Penye "hali ya choo" vijana wa timu yetu wameandika "nzuri, hakijai". Tunafuta, tunaandika "kinavuja au kinamwagwa". Parseli hii itarudiwa siku ya mvua kubwa, na safari hiyo tutasimama kwenye mfereji wa chini, si chooni.