Dai Kwanza, Mapambo Baadaye

Katika midahalo ya vyuo vikuu inayofuata mtindo wa Bunge la Uingereza, kila msemaji hupewa dakika 7, na anayezitumia 2 kuisalimu meza kuu huwa amejipunja mwenyewe. Binafsi humpendelea anayetaja dai lake mapema, kisha akaonyesha kwa nini ni kweli. Akitaka upigaji kura uwe wa lazima, aeleze jinsi faini inavyowafikisha vituoni wasiojali siasa, na kwa nini wagombea watalazimika kuwasikiliza. Wengi hurukia takwimu (tena huzisoma mbiombio) wakayaacha maelezo hayo yanayounganisha dai na matokeo yake, na hapo ndipo mpinzani makini hupenya, kwa kuwa msikilizaji, tofauti na msomaji, hawezi kurudi nyuma kutafuta kilichompita.