Kusawazisha biti bilioni 5 kwa sekunde kwa umeme kidogo

Kwa miezi kadhaa sasa, jioni zangu hapa Ng'ong'ona, nje kidogo ya mji wa Dodoma, zimekuwa za kazi moja: kuchora kwenye kompyuta saketi ndogo ya kusawazisha, yaani kuyarudishia umbo lake, mawimbi ya data yanayokwenda kwa kasi ya biti bilioni 5 kwa sekunde, na kuibana isile umeme kuliko inavyostahili. Tangu mwaka 2020, Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walipoweka wazi kanuni za usanifu za teknolojia ya chipu ya nanomita 130, kazi hii haimhitaji tena mtu kuwa na leseni ghali. Kompyuta ya mkononi na programu ya bure ya ngspice, inayoiga saketi kwenye kompyuta, vinatosha, hata umeme ukikatika, ilimradi betri ina chaji.

Kwa kasi hiyo kila biti, yaani kila 0 au 1, inapewa pikosekunde 200 tu; pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Inapopita kwenye njia ya shaba ya bodi ya saketi, masafa yake ya juu, yaani mitetemo yake ya haraka, hufifia kuliko ya chini. Mkondo wa masafa ya juu hukimbilia ngozi ya shaba: kwenye gigahezi 2.5 husafiri zaidi ndani ya takriban maikromita 1.3 za juu, ilhali shaba yenyewe kwa kawaida ina unene wa maikromita 35, kwa hiyo sehemu kubwa ya chuma tulichokilipia haifanyi kazi. Bodi nayo hunyonya sehemu ya nishati na kuigeuza joto. Matokeo yake ni kwamba kila biti huacha mkia unaozilalia biti zinazofuata, mithili ya mshereheshaji anayeongea haraka katika ukumbi wenye kuta tupu za zege, neno la kwanza likiwa bado linavuma na la pili limeshatoka.

Dawa ya kwanza ni kisawazishi cha transista mbili zinazofanya kazi kwa jozi, na kati ya miguu yake ya chini kuna rezista (kizuia mkondo) na kapasita (kihifadhi chaji) zilizounganishwa sambamba. Masafa ya chini hulazimika kupita kwenye rezista na hivyo kupunguzwa nguvu, wakati ya juu hupita kwenye kapasita bila kizuizi. Wengi hudhani saketi hii huongeza masafa ya juu. Ukweli ni kwamba hufanya anachokifanya fundi muziki mzoefu, ambaye akiambiwa sauti haisikiki vizuri hupunguza besi kwanza.

Umeme, basi, unaliwa na nini? Kwa maoni yangu, kusahihisha kwenyewe ni rahisi. Kinachogharimu ni haraka. Ili pato la saketi liitikie upesi, rezista ya mzigo, iliyo kwenye pato hilo, lazima iwe ndogo, na ikiwa ndogo mkondo lazima uongezwe ili mawimbi yasinywee. Mchoro wangu wa kwanza ulikula miliampia 5 kwenye volti 1.8, yaani miliwati 9, sawa na pikojuli 1.8 kwa kila biti. Nilihangaika na transista kwa wiki nzima kabla ya kugundua kuwa kosa lilikuwa kwenye hatua inayofuata ya saketi, ambayo nilikuwa nimeifanya kubwa bila sababu, na kapasitansi yake, yaani chaji inayohitaji kujazwa, ndiyo iliyokuwa ikinidai mkondo wote ule. Kuipunguza kulinipa nafuu kuliko ujanja mwingine wowote. Ningeweza pia kuweka koili kwenye mzigo, ambayo hupanua masafa hadi takriban mara 1.7 bila kuongeza mkondo, lakini koili hula eneo kubwa la silikoni.

Dawa ya pili hutumia biti iliyokwisha kuamuliwa kuwa 0 au 1 kuukata mkia wake kabla biti inayofuata haijasomwa. Uzuri wake ni kwamba haikuzi kelele, jambo ambalo kisawazishi cha kwanza hakiwezi kujivunia. Ubaya ni kwamba kuamua, kurudisha jibu na kuuondoa mkia lazima vikamilike ndani ya zile pikosekunde 200. Wasanifu wengine hukwepa mbio hizo kwa kuweka vilinganishi viwili (saketi zinazoamua 0 au 1), kimoja kikidhani biti iliyopita ni 0 na kingine 1, kisha wanachagua jibu sahihi baadaye. Mimi nimeona kulipia vilinganishi viwili kwa bodi fupi kama yangu ni anasa. Nimebaki na kimoja, cha aina inayovuta mkondo pale tu saa ya saketi, inayoongoza mwendo wake, inapogonga.

Kosa lililoniaibisha zaidi lilikuwa la joto. Programu huanza na nyuzi joto 27 za Selsiasi, nami niliiacha hivyo hivyo, huku nikijua fika chumba chenye paa la bati kinavyokuwa hapa mwezi Oktoba, achilia mbali ndani ya boksi la mitambo. Nilipojaribu nyuzi 85, nguvu ya transista ilipungua na usawazishaji ukapungua nayo, hadi jicho la mawimbi, yaani uwazi unaotenganisha 0 na 1 kwenye mchoro wake, likakaribia kufumba. Jibu la mkato lilikuwa kuongeza mkondo kwa hali zote. Badala yake nimeweka saketi ya kuongoza mkondo inayoongeza pale joto linapopanda, hivyo usiku wa baridi haulipii gharama za mchana.

Sasa imebaki kuchora ramani halisi ya silikoni, ambako nyaya zenyewe zitaleta kapasitansi yake. Nimeitengea pato femtofaradi 20 za ziada, kipimo cha kapasitansi hiyo. Zikizidi, itanibidi nirudi kwenye rezista ya mzigo.