Mililita tatu zilizopotea labo

Siku ile pale shuleni kwetu Bukavu, mwalimu wa kemia alikuja na vitu vichache: alkoholi (ethanoli) ya asilimia 96 kwa ujazo iliyonunuliwa famasi, themomita, mizani, na maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe. Kuchemsha kulikuwa na sababu. Maji yenye hewa yakikutana na alkoholi hutoa viputo vinavyoganda kwenye kioo, na hapo kipimo kinakudanganya.

Tulitia mililita 50 za maji kwenye silinda ya mililita 100, kisha 50 za alkoholi zikateremshwa ukutani, taratibu sana. Alkoholi ni nyepesi, ikimiminwa hivyo inatulia juu ya maji. Tukasoma jicho likiwa sawa na sehemu ya chini ya mkunjo wa uso wa kimiminika: 99.5. Ile nusu ilibaki imeshika kuta za chombo ilikopimiwa, ndiyo maana husomi jumla kwa kukisia. Unasoma kwenye silinda ileile kabla ya kuchanganya. Silinda ikapandishwa mizanini. Ukitoa uzito wa kioo na kizibo, kimiminika kilikuwa gramu 89.9.

Kizibo cha mpira kikakazwa, silinda ikapinduliwa hadi ile michirizi ndani ya kimiminika ikaisha. Kioo kilipata joto mkononi: kutoka digrii 20 hadi karibu 26. Wenye haraka walisoma 97 wakaandika. Mwalimu akawafutia, kwa kuwa kimiminika cha moto kimetanuka, na digrii hizo sita zinaficha karibu nusu mililita. Tuliiweka silinda kwenye beseni la maji mpaka ikarudi 20. Ikasomeka 96.5.

“Mwalimu, imemwagika,” mmoja akasema.

“Basi pima, mwanangu.”

Gramu 89.9.

Watu wengi hueleza jambo hili, ujazo kupungua huku uzito ukibaki uleule, kwa mchanga unaojaza nafasi kati ya maharage. Mimi mfano huo siupendi. Mchanga na maharage havitoi joto, tena mfano huo hauwezi kueleza kwa nini ethanoli ikichanganywa na saikloheksani, kimiminika cha kaboni na hidrojeni tupu, ujazo unaongezeka na mchanganyiko unapoa. Kinachoamua ni namna molekuli zinavyoshikana. Maji na ethanoli hufungana kwa vifungo vya hidrojeni (hidrojeni ya molekuli moja ikivutwa na oksijeni ya nyingine) na kujipanga kwa kubanana zaidi, joto likitoka. Saikloheksani yenyewe inavunja vifungo vya ethanoli bila kuipa vingine.

Swali la kanyanga, pombe kali ya kienyeji, halikukosekana: ukiirudia kuichemsha na kukusanya mvuke, mwisho utapata alkoholi tupu? Hapana. Kwa shinikizo la usawa wa bahari, ikifika takriban asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke una uwiano uleule wa kimiminika, na mchanganyiko unachemka digrii 78.2, chini kidogo ya ethanoli tupu. Bukavu iko juu, mita kama 1,500, kwa hiyo kila kitu kinachemka mapema, maji yenyewe kwenye digrii 95 hivi, lakini kizuizi hicho kipo palepale. Ili kuvuka unahitaji kitu cha kunyonya maji, kama chokaa hai.

Saa iliyobaki tulirudia kwa uwiano mwingine: 20 kwa 80, 35 kwa 65, hadi 80 kwa 20. Upungufu ulikuwa mdogo pembeni, mkubwa karibu na nusu kwa nusu. Alkoholi ikaishia hapo.