Jumamosi niliyohesabu tiketi

Alhamisi jioni, tukiwa kwenye chumba cha seva ambamo feni humeza nusu ya maneno, bosi aliniambia mambo mawili. Kiti cha mkuu wa timu kilikuwa wazi. Kama sikitaki, kulikuwa na kikosi kidogo kinaundwa cha uthabiti wa mifumo, watu wa kuhakikisha huduma haianguki, na ikianguka inainuka yenyewe. Jibu alilitaka Jumatatu saa tatu asubuhi. Mimi nilikuwa na la tatu moyoni, usalama wa mifumo, hasa kwa sababu kila mtu alikuwa akiutaja.

Nilikuwa mhandisi wa mifumo kwa miaka sita, na nisingeweza kumwonyesha mtu kwa tarakimu siku zangu zilikwenda wapi. Basi Jumamosi nikatoa tiketi zangu zote za miezi 12, yaani maombi ya msaada niliyoyashughulikia kazini, nikazimimina kwenye Excel na kuzipanga kwa aina: nywila na ruhusa, diski, mtandao, bakapu (nakala za akiba), masasisho, mengineyo.

Hesabu ya kwanza ilinidanganya. Nilihesabu idadi, nywila zikaongoza kwa mbali. Lakini nywila moja ni dakika nne, na kurejesha hifadhidata moja kutoka kwenye bakapu kulinichukua saa tano. Nikahesabu upya kwa muda, nikakosea tena, maana nilichukua muda wa tangu tiketi kufunguliwa hadi kufungwa, na humo mna siku nzima za kumsubiri mtumiaji ajibu barua pepe. Safu inayofaa ni ya muda uliofanyiwa kazi. Ilipokuwa tupu nilisoma maelezo na kukadiria. Kisha nikafungua kalenda, kwa kuwa vikao na kuwaelekeza wenzako havina tiketi. Anayeiruka kalenda atajiona fundi kutwa kucha.

Kilichonishika macho hakikuwa jumla. Zilikuwa tiketi 11 zenye maelezo marefu ambayo hakuna aliyenilazimisha kuyaandika. Moja ilikuwa ya seva iliyogoma kuandika faili ikisema diski imejaa, ilhali amri ya df -h, inayoonyesha nafasi iliyotumika, ilionyesha asilimia 61 tu. df -i, inayohesabu inodi, yaani rekodi ambazo mfumo huwekea taarifa za kila faili, ndiyo iliyosema kweli: inodi zimekwisha. Kila faili hula inodi moja, liwe na herufi moja au gigabaiti kumi, na kwenye ext4, aina mojawapo ya mfumo wa faili wa Linux, idadi yake hupangwa siku mfumo wa faili unapoumbwa. Programu ya wavuti ilikuwa imerundika mamilioni ya vifaili vya seshoni, kumbukumbu za watumiaji walioingia, kwenye saraka moja. Kazi ya kron (kipangaji kinachoendesha amri kwa ratiba) ya kuvifuta ilikuwa chini ya akaunti ya mwenzetu aliyeondoka. Akaunti ilipofutwa, kron ikaacha kuiendesha na hakuna aliyearifiwa. Hata rm, amri ya kufuta, ikiwa na nyota ilikataa, kwa sababu nyota hupanuliwa kuwa majina yote kwa mpigo na orodha ikapita kiwango. Niliitumia find, amri ya kutafuta faili, nikiibana kwa -mtime +1, yaani faili za zamani tu, ili nisiwatoe nje watumiaji waliokuwa ndani, na -delete mwishoni kabisa. Ukiitanguliza, inafuta kabla ya kuchuja.

Baada ya hapo nilikuwa nimeweka kipimo cha inodi kwenye seva zote na kuhamishia kazi za kron kwenye akaunti za huduma, zisizo za mtu yeyote. Tiketi ya aina hiyo haikutokea tena katika jedwali. Tisa kati ya zile 11 zilikuwa hivyohivyo: si tatizo nililolifunga, ila tatizo nililolizuia lisirudi.

Mchana nikawapigia simu watu watatu, mmoja kwa kila njia, kwa swali moja: Jumanne iliyopita ulifanya nini, saa kwa saa? Nilichagua Jumanne kwa kuwa Jumatatu na Ijumaa hazina uwakilishi. Mkuu wa timu alikuwa na vikao sita, na seva aliigusa saa moja jioni. Wa usalama alishinda akipitia tahadhari, nyingi za uongo, kisha akaandika ripoti. Alinikumbusha pia kwamba cheti cha CISSP, cha wataalamu wa usalama wa mifumo, hudai miaka mitano ya kazi katika angalau nyanja mbili kati ya nane.

Wa uthabiti alinipa hesabu. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Ukiahidi upatikanaji wa asilimia 99.9, umejiachia dakika 43 za kuanguka. Ukiahidi 99.99, ni dakika nne na sekunde chache. Binadamu hawezi kuamka, kuwasha kompyuta, kuingia, kuelewa na kurekebisha kwa dakika nne. Kwa hiyo kazi yake ni kuandika kinachorekebisha. Nikatazama zile tiketi tisa, na usalama ukanitoka kichwani.

Jumapili ilikwenda kwenye mapungufu. Skripti yangu ndefu kuliko zote, yaani programu fupi ya kuendesha kazi yenyewe, ilikuwa ya mistari 40 na haikuwa na jaribio hata moja.

Jumatatu sikupeleka jibu, nilipeleka maswali manne. Zamu ya dharura ina watu wangapi? Wakiwa watatu, kila wiki ya tatu usingizi si wako, nilitaka sita. Je, nusu ya muda italindwa kwa uhandisi? Google, ambako Ben Treynor Sloss alianzisha kazi hii mwaka 2003, waliweka ukomo wa asilimia 50 kwa kazi za uendeshaji, na bila ukomo huo kikosi hugeuka dawati la msaada lenye jina zuri. Nani ana mamlaka ya kusimamisha toleo jipya huduma ikiyumba? Na je, naweza kurudi nilikotoka baada ya miezi sita?

Bosi alisema watu wapo wanne, wawili wanaajiriwa. Nikamwomba aliandike hilo. Saa nane mchana barua ilirudi ikiwa na mistari miwili ya nyongeza: wiki moja ya zamu kati ya sita kuanzia robo ijayo, na asilimia 50. Kuhusu kusimamisha matoleo hakukuwa na neno. Nikaliandika mwenyewe pembeni kwa kalamu, akaweka sahihi ya kifupi, nami nikasaini.